Kitambi Changu Chini ya Jeneza

Nataka kueleza namna ya kunyanyua vyuma ukiwa unataka kupunguza mafuta mwilini, lakini siwezi kuanza na vyuma. Lazima nianze na babu yangu, siku nilipokaribia kumwangusha, na siku hiyo alikuwa ameshakufa.

Subiri. Hakuanguka. Wallahi hakuanguka. Aliinama upande mmoja tu, kidogo, akarudishwa. Lakini ule upande alioinamia ulikuwa upande wangu.

Mimi ni mnene. Sisemi "ana mwili", kama wanavyosema shangazi zangu wakitaka kunipakia sahani ya pili. Mnene wa kupanda bodaboda, dereva akashuka kwanza aangalie gurudumu. Shuleni mimi ndiye mchekeshaji wa darasa, na kichekesho changu cha kwanza ni hili tumbo. Nalitukana mimi kabla hamjalitukana nyinyi. Mwalimu akiuliza nani amekula chaki, nainua mkono. Watu wakicheka kwa sababu nimewaruhusu, hakuumi sana.

Basi babu akafa, Mungu amrehemu, na baada ya kuswaliwa tukatoka naye msikitini kwenda makaburini. Huku kwetu Mishomoroni jeneza halina wabebaji wanne waliochaguliwa. Kila mwanamume aliyepo anataka thawabu zake. Unaingia, unatia bega, unakwenda kipande cha njia, halafu mtu anakugusa kiwiko kutoka nyuma, nawe unampisha. Linakwenda hivyo bega kwa bega, haraka, bila kusimama, watu wakileta tahlili. Ukilitazama kwa mbali utadhani linaelea lenyewe.

Baba alikuwa mbele upande wa kulia. Upande wa kushoto mtu mmoja akasema, "Mpisheni mjukuu! Huyu ana mwili, ataweza."

Watu hudhani mnene ana nguvu. Ni kama kuliona gunia la sufi ukadhani ni la saruji.

Nikatia bega. Mwanzo nilijiona mtu mzima kabisa, kanzu imenikaa, kofia imenikaa. Halafu njia ikaingia kwenye mchanga na kuanza kupanda. Pumzi zikaanza kunitoka na filimbi. Magoti yakawa yanatetemeka kila moja kwa mahadhi yake. Nikasubiri kuguswa kiwiko. Hakuna aliyenigusa, kwa sababu kila mtu alikuwa anamheshimu mjukuu. Kusema "nimechoka" ningesemaje, na aliye juu ya bega langu ndiye aliyenifundisha kutembea?

Goti la kushoto likakunjika. Jeneza likainama. Nyuma yangu nikasikia sauti nyingi kwa pamoja, "Astaghfirullahi!" na mikono ikalidaka.

Baba hakugeuka. Alisema taratibu, macho mbele, "Toka. Mpishe mwenzako."

Mwenzangu alikuwa binamu yangu, kijana mwembamba mpaka akisimama kando ya nguzo ya stima utamtafuta. Akaingia mahali pangu, akaenda na babu kama aliyebeba mkeka.

Mimi nikatoka pembeni nikachuchumaa. Nikajifanya natengeneza kiatu, ili wanaopita wadhani ndicho kilichoniangusha. Nilikuwa nimevaa kandambili. Kandambili hazina kamba, hazina kifungo, hazina kitu chochote cha kutengeneza. Lakini nilitengeneza mpaka msafara wote wa maziko ukapita. Makaburini sikuthubutu kusogea karibu. Nilirusha udongo wangu kutoka nyuma, ukamwangukia mtu kwenye kofia.

Baba hakunigombeza, siku hiyo wala baadaye. Kugombezwa nimezoea, nina vichekesho vyake tayari. Kunyamaziwa sina kichekesho chake. Na kwenye mikeka ya matanga wazee walisema "pale jeneza lilipoyumba", kama wanavyosema "pale mvua ilipoanza", bila kutaja mtu. Walinisitiri, na kule kusitiriwa ndiko kulikonichoma.

Tangu hapo nilitaka kitu kimoja tu. Jeneza likipita tena mtaani nitie bega, Baba anione, na asiniambie toka.

*

Jimu ya mtaani kwetu iko nyuma ya kibanda cha fundi magari. Vyuma vyake ni mabomba ya maji yaliyotiwa makopo ya rangi huku na huku, makopo yamejazwa zege. Ukinyanyua, mchanga unakudondokea machoni. Kocha ni dereva wa tuktuk ambaye sijawahi kumwona na nguo yenye mikono. Hata ya Idi nadhani aliikata mikono. Ukutani kuna kioo cha kabati kilichovunjika, na akizungumza na wewe anajitazama humo.

"Unataka nini?" alikiuliza kioo.

"Kupungua," nikasema. "Na nguvu. Nguvu ya bega."

Binamu yangu, aliyenipeleka, akadakia, "Anataka awe kama mimi, yakhe."

"Kama wewe?" Kocha akamtazama. "Wewe jana upepo ulikupeleka mpaka Mtopanga."

Ningemsikiliza Kocha tangu siku ile, hadithi hii ingekuwa fupi. Lakini mimi nilikuja na elimu yangu mwenyewe. Niliamini mafuta yanayeyuka kwa jasho, kama samli kwenye sufuria, kwa hivyo kazi yangu ni kupata joto. Nikavaa sweta la shule kwenye jua la Mombasa. Ndani ya sweta nikajifunga mifuko ya nailoni tumboni, kila nikiinama nalia kama pakiti ya krispi. Nikachagua bomba tupu, lisilo na kopo hata moja, nikawa nalipandisha na kulishusha upesi upesi mpaka nisahau nilianza lini. Vyuma vizito niliviogopa. Nilidhani vizito ni vya kunenepa, vyepesi ni vya kukonda. Fikiria ujinga huo: mtu aliyeangushwa na uzito anajitayarisha kwa kubeba bomba tupu.

Halafu nikaongeza ujanja niliouona mkubwa kuliko wote. Nikaanza kufunga Jumatatu na Alhamisi. Saumu ya sunna, tumbo linapungua, na juu yake napata thawabu. Nani tena kwenye jimu ile alikuwa na mpango kama huo?

Bibi yangu alikuwa kwenye eda ya babu, yumo ndani na nguo zake nyeupe, hatoki. Akatambua kwamba sili mchana.

"Mwanangu!"

"Labeka, bibi."

"Njoo hapa. Wafunga?"

"Nafunga, bibi."

Akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Macho yakamlengalenga. "Wamfungia babuyo."

Hapo ndipo ningesema. Nilikuwa na nafasi ya kutosha, jogoo wa jirani aliwika akamaliza. Nami nikainamisha kichwa kama mtakatifu.

Basi bibi akawa na kazi. Mtu aliyefiwa, hatoki, hana wa kumpikia, sasa ana mjukuu wa kumfuturisha. Kila jioni ya saumu nilikuta uji wenye pilipili manga, tambi za sukari, viazi vya nazi, na kaimati zinazoogelea kwenye shira. Ningekataaje? Kwetu sisi kukataa futari ya mama wa eda ni sawa na kumpiga kofi. Nikala. Akinipakia, nikala. Wageni waliokuja kumpa pole aliwaambia, "Mwaniona mimi? Mtazameni huyu. Mtoto mdogo huyu, amfungia babuye." Mwalimu wangu wa madrasa, ambaye kwa miaka yote alinijua kwa kuficha viatu vya wenzangu, akanisimamisha mbele ya darasa akaniombea dua. Wote wakaitikia amin. Mimi pia niliitikia, kwa sauti ndogo, nikitazama miguu yangu. Wale niliowaficha viatu walinitazama kama wanaoona paka anaswali.

Na tumbo? Tumbo lilikuwa pale pale. Uso ndio uliokonda, mikono ikalegea, tumbo likabaki mbele limekaa kama mwenye nyumba.

Siku moja ya Alhamisi, Asri imeshaswaliwa, nikiwa na saumu, sweta na nailoni, nikaona kioo cha Kocha kina watu wawili. Halafu watatu. Nilipozinduka nilikuwa chini, Kocha ananimwagia maji kichwani, na binamu yangu ameshika mifuko ya nailoni iliyochomoka.

"Kocha," akasema, "huyu alikuwa amefungwa kama mkate."

Kocha kwa mara ya kwanza alinitazama mimi, si kioo.

"Unajua unachofanya? Mwili wako unaunyima chakula, halafu huupi kazi nzito. Sasa mwili una akili. Unasema, hii misuli ya nini, huyu bwana habebi kitu. Unaila misuli, mafuta unayaweka akiba. Utapungua, ndiyo. Utakuwa mwembamba mwenye kitambi. Umewahi kuona chatu aliyemeza mbuzi?"

"Na jasho?"

"Jasho ni maji. Ukinywa gilasi mbili limerudi." Akanipa chupa. "Kunywa."

"Nimefunga."

"Kwa hali hii?" Akashika kiuno. "Mimi si shehe, mimi ni tuktuk. Lakini wewe ni mgonjwa. Kunywa, bwana."

Nikanywa. Kwa hivyo hata ile saumu ya uongo sikuimaliza.

Kocha si mtu wa hekima, nisije nikawadanganya. Huyu huyu anaamini kunyoa kifua kunaongeza nguvu. Lakini hili alilijua kwa sababu na yeye aliwahi kujikondesha hivyo kabla ya harusi yake, mpaka akashindwa kumnyanyua bibi harusi mbele ya kamera, na mkewe bado anayo hiyo video. Aliniambia kwa sauti ya chini. Nikaona kumbe sikuwa peke yangu.

*

Haya basi, ndivyo vyuma vinavyonyanyuliwa.

Mafuta huyapunguzi na chuma, unayapunguza jikoni, kwa kula pungufu kidogo ya ulivyozoea. Kidogo, si kujinyonga. Kazi ya chuma ni kuuambia mwili kwamba misuli bado inahitajika, isiguswe. Kwa hivyo chuma kiwe kizito cha kukutisha kidogo. Ukikinyanyua mara chache, zile za mwisho zikukunje uso, lakini mgongo ubaki umenyooka. Mgongo ukikunjika, umezidisha, toa kopo. Halafu pumzika kwa kutulia, usirukeruke kama kuku aliyechinjwa. Na usihangaike na mikono tu mbele ya kioo. Anza na miguu na mgongo, ndiyo misuli mikubwa. Kuchuchumaa na bomba mabegani. Kuliinua kutoka chini. Kulisukuma juu ya kichwa. Siku ukipiga vyuma, kesho yake tembea tu na ulale mapema. Ikizoeleka, ongeza uzito, kidogo kidogo. Hakuna siri zaidi ya hiyo, na ndiyo inayoudhi.

Kulikuwa na zoezi moja nililolipenda kuliko yote: ndoo mbili za mchanga, moja kila mkono, unatembea nazo uani mpaka vidole vifunguke vyenyewe. Nikamwomba Kocha jingine, gunia la mchanga begani, bega lile lile lililobeba jeneza. Sikumwambia kwa nini. Nadhani binamu yangu alimwambia, kwa sababu kila nikilibeba Kocha alikuwa anaacha mzaha.

Lakini kabla ya hayo yote, kulikuwa na bibi. Ningekulaje mayai na samaki mchana wa Jumatatu na Alhamisi, na nyumba nzima inajua namfungia babu?

Nilimkuta ameketi kitandani na tasbihi yake.

"Bibi, naomba msamaha."

"Umevunja nini?"

"Sijavunja. Ile saumu... haikuwa ya babu."

"Ya nani?"

Nikashindwa kutamka. Nikaonyesha kwa kidole. Bibi akafuata kidole mpaka kwenye kitambi changu, akakitazama muda mrefu.

"Ulikuwa wakifungia hicho?"

"Naam, bibi."

"Na mimi nimewaambia watu wote wa mtaa huu!" Tasbihi ikasimama. "Na maalimu akakuombea dua!"

Uso wangu ulikuwa wa moto kuliko kule ndani ya sweta. Nilingoja kofi, nikaliombea lije upesi. Bibi akafunika uso na ukaya wake, mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Nikasema kwisha, nimemliza mama wa eda. Kumbe alikuwa anacheka, mpaka akashika ubavu.

"Babuyo alikuwa na tumbo hilo hilo," akasema. "Akilala chali nilikuwa simwoni kidevu." Halafu kicheko kikamwishia, akawa analia kweli, na mimi nisijue niweke wapi mikono yangu.

Aliponyamaza akasema, "Mimi sitawaambia watu tena. Siwezi kuwaambia mara mbili. Utakaa na sifa yako hiyo mpaka uistahiki." Akajipangusa. "Sasa wala nini hao watu wa vyuma?"

Tangu siku hiyo akawa ananiwekea samaki wa kuchoma, kunde na mayai ya kuchemsha, na viazi vya nazi kijiko kimoja, akikipima huku akinitazama. Kaimati alizigawa kwa jirani. Lakini watu wakinikuta njiani mpaka leo huniambia, "Mashallah, ndiye yule aliyemfungia babuye," na mimi huitikia salamu nikipita upesi.

Tumbo lilipungua taratibu, kama mgeni aliyeaga akakaa tena. Mizani Kocha alinikataza. Alisema nitazame mshipi wa suruali ya shule. Nikatoboa tundu jipya kwa msumari, halafu jingine. Bado ni mnene, msije mkanitafuta mtaani mkadhani mimi ndiye binamu. Lakini lile gunia nilikuwa nazunguka nalo ua mzima, na magoti yamenyamaza.

*

Kisha akafa mzee jirani yetu, muuza makaa, rafiki wa Baba tangu utoto. Baada ya Adhuhuri tukatoka naye msikitini, njia ile ile, mchanga ule ule.

Baba alikuwa mbele kulia tena. Mimi nikajipenyeza mbele kushoto, nikamgusa mtu kiwiko, akanipisha. Nikatia bega. Uzito ukakaa pale pale lilipokuwa likikaa gunia. Tukaingia kwenye mchanga, tukaanza kupanda, tukapita mahali goti langu lilipokunjika, na goti likapita kama halipajui. Wallahi, nusura nicheke. Nikageuza macho upande wa Baba, nione kama ameona.

Hakuwa ananiona. Hakuwa anaona kitu. Jasho lilikuwa linamdondoka kidevuni, mdomo uko wazi, na pumzi zinamtoka na filimbi. Nikaisikia ile filimbi nikaitambua. Nikatazama chini, kanzu yake ilikuwa inatikisika magotini. Yale magoti nilikuwa nayajua.

Baba ni mnene pia. Sijasema mpaka sasa kwa sababu nyumbani hatusemi. Nyuma yake watu walikuwa wanamgusa kiwiko, mmoja, mwingine, na yeye anatikisa kichwa. Ni rafiki yake. Angesemaje amechoka?

Mtu akanigusa mimi, nikampisha, nikazunguka mbio nyuma ya jeneza mpaka upande wa kulia. Nikapenyeza bega langu nyuma ya bega lake, nikanyanyua, mpaka nikahisi uzito wote umehamia kwangu na yeye hajabeba ila kitambaa. Sikusema toka. Nilisema, taratibu, macho mbele:

"Baba, nigaie thawabu kidogo."

Akasita. Halafu akatoka.

Nikalibeba mpaka nikaguswa tena, na nilipotoka nikageuka kumtafuta. Nilikuwa bado nina tamaa ya kuonwa, nakiri, nilitaka aseme kitu hata kimoja. Msafara wa maziko ulikuwa umempita. Alikuwa amechuchumaa pembeni ya njia, ameinama, anatengeneza makubadhi yake. Makubadhi ni ya ngozi, unachomeka mguu unakwenda. Hayana kamba, hayana kifungo.

Watu waliopita walimwangalia kidogo kisha wakatazama mbele, kwa heshima, kama walivyonifanyia mimi. Na mimi, niliyekuja na bega jipya kujionyesha, nikatamani bega hilo ningeliacha nyumbani. Yule aliyemtoa Baba chini ya jeneza la rafiki yake, mbele ya mtaa mzima, alikuwa mimi.

Nikarudi nyuma mpaka alipo. Nilitafuta kichekesho, nina vingi, viko mbele ya ulimi siku zote. Hakikuja hata kimoja. Nikachuchumaa kando yake.

"Kiatu kimekusumbua, Baba?"

Hakuinua uso. "Kimenisumbua."

"Hata changu," nikasema.

Akatazama miguu yangu. Nilikuwa nimevaa kandambili zile zile. Akazitazama muda, halafu akasogea kidogo ili kivuli chake kinifikie, na tukaendelea kutengeneza, mimi changu na yeye chake, mpaka sauti za tahlili zikawa mbali.